Kiinitete kilichogandishwa: ni mtoto, ni mali, au ni kitu kingine?

Mwezi Desemba 2020, katika hospitali moja mjini Mobile, jimbo la Alabama nchini Marekani, mgonjwa aliingia bila ruhusa katika chumba cha kuhifadhia viinitete, akavitoa kadhaa kwa mkono mtupu. Baridi kali ilimuunguza, akaviangusha sakafuni, navyo vikaharibika. Wanandoa wa familia tatu walifungua kesi wakidai fidia kwa sheria ya mwaka 1872 kuhusu kifo cha mtoto kilichosababishwa na kosa la mtu mwingine.

Tarehe 16 Februari 2024, Mahakama ya Juu ya Alabama iliamua kwamba kwa sheria hiyo kiinitete ni mtoto, hata kama hakimo tumboni mwa mama. Kliniki kadhaa zilisitisha matibabu mara moja kwa kuhofia kushtakiwa. Tarehe 6 Machi, Gavana Kay Ivey alitia saini sheria ya kuwakinga watoa huduma. Hata hivyo, sheria hiyo mpya haikujibu swali lililoibua mzozo: iliwakinga waganga, ikaacha hadhi ya kiinitete palepale.

Viinitete hivyo hubakia kwa sababu ya namna matibabu yenyewe yanavyofanyika. Mwanamke hupewa dawa ili mayai mengi yakomae kwa mara moja, kisha mayai hayo hurutubishwa maabara kwa mbegu za mwanamume. Kiinitete kimoja au viwili hupandikizwa katika mji wa mimba. Vilivyosalia huhifadhiwa ndani ya nitrojeni ya kimiminika, katika nyuzi 196 chini ya sifuri, ili jaribio likishindwa mama asianze upya. Vinaweza kukaa humo miaka mingi, na katika miaka hiyo ndoa huvunjika na watu hufariki.

Jimbo la Tennessee lilikutana na jambo hilo mapema. Mwaka 1992, mahakama ya juu ya jimbo ilisikiliza kesi ya wanandoa walioachana na kuacha viinitete saba. Majaji walisema kiinitete si mtu wala si mali, bali kiko katikati na kinastahili heshima ya pekee. Pasipo makubaliano ya awali, walisema, kwa kawaida hushinda asiyetaka kuwa mzazi, mradi mwenzake ana njia nyingine ya kupata mtoto. Louisiana ilikwisha kuchagua njia tofauti tangu 1986: huko kiinitete ni mtu wa kisheria, na ni marufuku kukiangamiza kwa makusudi.

Je, asipokuwa na njia nyingine? Nchini Uingereza, mwanamke aliyekuwa karibu kuondolewa ovari kwa sababu ya uvimbe alihifadhi viinitete sita pamoja na mwenzi wake. Walipoachana, mwanamume aliondoa ridhaa yake, jambo ambalo sheria ya 1990 ilimruhusu kulifanya wakati wowote kabla ya viinitete kutumika. Tarehe 10 Aprili 2007, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kwa kura 13 dhidi ya 4, ilikataa ombi la mama huyo. Majaji walimwonea huruma, lakini huruma haikubadili sheria.

Nchini Kenya, kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Sisi tunaotafsiri habari hukwama hapa, kwa kuwa neno la Kiingereza linaweza kumaanisha yai kukutana na mbegu popote pale, ilhali kwa masikio ya Mswahili mimba ni ya tumboni. Ukishika maana ya kwanza, kiinitete kilichomo katika tangi la kliniki ya Nairobi tayari ni mtu. Ukishika ya pili, bado kinasubiri.