Mlima Mmoja, Serikali Tatu: Historia ya Ushirikiano katika Milima ya Virunga

Milima ya Virunga ni safu ya volkano nane zilizosimama mahali zinapokutana Kongo, Rwanda na Uganda. Makala hii inakusudia kueleza jinsi mpaka ulivyopitishwa juu ya milima hiyo, jinsi nchi tatu zilivyojifunza kuitunza kwa pamoja, na ni nani waliolipa gharama ya utunzaji huo.

Tuanze na mpaka wenyewe. Mwezi Mei 1910 wajumbe wa Ubelgiji, Uingereza na Ujerumani walikubaliana mjini Brussels juu ya mstari utakaopita katika vilele vya volkano hizo. Mlima Sabinyo ukawa mahali pa kukutana makoloni matatu. Wenyeji hawakuulizwa. Nao nyati na gorila wa milimani waliendelea kuuvuka mstari huo kama zamani, maana msitu ulikuwa mmoja.

Mwaka 1925 Ubelgiji, ambao wakati huo uliitawala Rwanda pamoja na Kongo, ulianzisha Hifadhi ya Taifa ya Albert, ya kwanza ya aina yake katika Afrika. Baada ya miaka michache hifadhi hiyo ilienea pande zote mbili za mpaka. Lakini umoja huo ulikuwa wa mtawala mmoja, wala haukuwa mapatano ya majirani. Kwa hiyo ulikoma pamoja na utawala wake. Kongo ilipojitawala mwaka 1960 na Rwanda mwaka 1962, kila serikali ilishika sehemu yake na kuamua peke yake. Mwaka 1969 Rwanda ilitoa hekta 10,000 hivi za hifadhi ili kulima pareto kwa ajili ya soko la nje. Hesabu ya mwaka 1981 ilionyesha kwamba katika Virunga yote walibaki gorila 254 tu.

Ushirikiano wa pili ulianza kwa njia nyingine. Mwaka 1991 mashirika ya uhifadhi yalianzisha Mpango wa Kimataifa wa Kuhifadhi Gorila, ukiwa na kazi ya kuwakutanisha watumishi wa hifadhi za nchi tatu. Ilikuwa saa ngumu. Vita vilikuwa vimeanza Rwanda mwezi Oktoba 1990, na mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walipiga kambi karibu na Goma, wakikata kuni katika hifadhi kila siku ili wapate kupika. Hata hivyo watumishi waliendelea kukutana, kupeana habari za mitego na majangili, kufanya doria pamoja na kuhesabu wanyama pamoja. Wakubwa wao walifuata baadaye: wakuu wa mamlaka tatu za hifadhi walitia sahihi makubaliano mwaka 2004, mawaziri wakatoa tamko lao Goma mwaka 2005, na ofisi ya pamoja ikafunguliwa Kigali mwaka 2008. Matunda yalionekana. Gorila wa Virunga walikuwa 480 mwaka 2010, na hesabu ya miaka 2015 na 2016 ilipata 604.

Lakini maendeleo ya kudumu hayapimwi kwa idadi ya wanyama peke yake. Mwaka 1991 Uganda ilipoifanya Mgahinga kuwa hifadhi ya taifa, Wabatwa, ambao msitu ulikuwa nyumba yao na ghala lao, waliondolewa, na wengi wao wakabaki bila ardhi. Ilipita miaka 30 kabla Mahakama ya Katiba ya Uganda kutamka, mwezi Agosti 2021, kwamba waliondolewa bila fidia ya kutosha. Kwa upande wa Rwanda, vijiji vinavyopakana na hifadhi vilianza kupewa asilimia 5 ya mapato ya utalii mwaka 2005, na mwaka 2017 kiwango kikawa asilimia 10. Askari wa hifadhi nao wamelipa kwa damu: zaidi ya 200 wameuawa upande wa Kongo tangu 1925, wakiwamo 12 waliouawa katika shambulio moja mwezi Aprili 2020.

Mwezi Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Goma, mji ule ule ambamo mawaziri walitoa tamko lao. Basi hatuwezi kusema kwamba sahihi za wakubwa zinatosha kuulinda mlima. Umoja ulioletwa kwa amri ulivunjika kwa siku chache za uhuru. Ule ulioanzwa na watu waliotembea msituni pamoja umepita katika vita zaidi ya kimoja. Kilichopungua ndani yake tunakijua pia. Wabatwa, walioufahamu msitu huo kabla ya mpaka wowote kuchorwa, hawakuwa miongoni mwa waliotia sahihi, wala mwaka 1910 wala mwaka 2004. Mapatano yajayo hayana budi kuanza nao.