Vipimo vya Ardhi ya Kaputiei

Historia ya ardhi ya Kajiado, kuanzia mbuga za Kaputiei zinazoizunguka Kitengela hadi vitongoji vilivyosongamana karibu na Nairobi kama Gataka, huandikwa mara nyingi kama historia ya mikataba, sheria na hati, ilhali chini ya karatasi hizo ipo historia nyingine, ile ya vipimo, yaani ya jinsi nchi ileile ilivyoelezwa kwa maneno tofauti na kila neno likawasukuma watu kwenye uamuzi wake. Wanasaikolojia huliita jambo hili fremu ya taarifa, kwa maana ya mpaka ambao msemaji huuchora kuuzunguka ukweli, ili msikilizaji aone upande mmoja na kuusahau mwingine. Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha mwaka 1981 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu walioambiwa kuwa mpango fulani ungeokoa kwa hakika maisha 200 kati ya 600 yaliyotishiwa na ugonjwa waliuchagua kwa asilimia 72, lakini kundi jingine, lililotajiwa vifo 400 badala ya watu 200 watakaookoka, liliukimbia mpango huohuo, na asilimia 78 wakaona heri kubahatisha. Hesabu ilikuwa moja. Katika Kajiado, tofauti kama hiyo ya maneno ilikuwa imeshaamua hatima ya malisho muda mrefu kabla wataalamu hawajaipa jina.

Wakaputiei, ambao ni mojawapo ya sehemu za jamii ya Wamaasai zinazoitwa iloshon, waliipima ardhi kwa majira na kwa kile inachoweza kulisha. Enkutoto ilikuwa eneo la majirani wanaoshiriki maji na nyasi, na olopololi yalikuwa malisho yaliyotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu, ambayo ng'ombe wenye nguvu hawakuruhusiwa kuyagusa. Kwa kipimo hicho, bonde lisilo na mtu wakati wa masika lilikuwa akiba ya kiangazi, na mwenye macho ya mfugaji asingeliita tupu. Lakini sotoka ya miaka ya 1890, ikifuatana na ndui na njaa, iliwaua ng'ombe na watu kwa wingi, hivi kwamba reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, maafisa wa Kiingereza walitazama nchi iliyotoka tu katika msiba na kuichukulia hali hiyo kuwa ya kawaida. Sir Charles Eliot, kamishna wa utawala wa Kiingereza kuanzia 1900 hadi 1904, alishikilia kwamba wafugaji wanaohamahama hawana haki ya kuwazuia walowezi kwenye ardhi wasiyoikalia daima. Madhara ya neno "tupu" yalitokana na ukweli wake wa nusu: lilieleza sawasawa kile ambacho mgeni angekiona siku moja, na likakificha kile ambacho mwenyeji alikijua kwa mwaka mzima.

Mkataba wa Agosti 1904, uliofanywa na kamishna Sir Donald Stewart pamoja na Olonana na viongozi wengine, uliwagawa Wamaasai katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini mwa reli, na ukaandikwa kana kwamba uhamisho huo ulikuwa hiari yao na kwamba ahadi ingedumu maadamu Wamaasai wapo. Haukumaliza miaka saba, kwa kuwa mkataba wa 1911 uliwataka wa Laikipia wahamie kusini. Parsaloi ole Gilisho, mmoja wa viongozi wa Wamaasai wa Laikipia, aliupinga uhamisho huo, na shauri likafikishwa mahakamani mwaka 1913. Hapo ndipo fremu ilipofanya kazi yake kwa ukali wote, kwa sababu majaji waliamua kwamba makubaliano yale yalikuwa mkataba wa kimataifa, yaani kati ya dola na dola, na kwa hiyo mahakama ya kawaida haikuwa na uwezo wa kuyasikiliza. Watu walionyang'anywa mamlaka juu ya nchi yao walipewa hadhi ya taifa la kigeni kwa dakika ile tu ambayo hadhi hiyo ingewafungia mlango. Ni vigumu kusoma hukumu hiyo bila uchungu.

Baada ya uhuru ilikuja ranchi ya kikundi, mfumo uliowekwa na sheria ya mwaka 1968, ambao uliandikisha eneo lote kwa jina la kikundi na kuwaorodhesha wanachama wake, wengi wao wakiwa wanaume wakuu wa familia. Daftari hilo lilionekana kuwa jambo dogo la ofisini, lakini lilikuwa limebadilisha swali kutoka "nani hulisha hapa?" hadi "nani ameandikwa hapa?", na wanawake pamoja na vijana wengi wakabaki nje ya jibu. Ugawaji wa ranchi hizo uliposhika kasi katika miaka ya 1980, Kitengela ikigawanywa mwaka 1988, hoja iliyokuwa na nguvu zaidi ilikuwa ile ya hasara. Mtafiti Esther Mwangi, aliyechunguza ranchi kadhaa za Kajiado, alionyesha kwamba wanachama wengi waliunga mkono ugawaji kwa kuhofia kuwa ardhi ya pamoja ingeliwa na wenye mifugo mingi au na wageni, na kwamba baadaye wapo waliopata vipande vidogo kuliko walivyotarajia, huku wanakamati na matajiri wakipata vikubwa. Aliyeulizwa kama angependa kumiliki ekari zake aliweza kusita, lakini aliyeulizwa kama yuko tayari kuzipoteza hakuwa na nafasi ya kusita.

Mfano mmoja wa fremu iliyotumiwa kwa wema unastahili kutajwa. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi walio kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, dola 4 kwa ekari kwa mwaka, ili wasijenge uzio, wasiuze wala kugawa ardhi, na waache nyumbu na pundamilia wapite. Kwa ekari moja, malipo hayo, ambayo wakati ule yalikuwa takriban shilingi 300, yalikuwa duni kabisa mbele ya bei ya kuuza. Hata hivyo waandaaji waliyagawa mara tatu na kuyatoa shule zinapofunguliwa, hivi kwamba mwenye ekari 100 aliona mkononi mwake karibu shilingi 10,000 za karo, zikiwa na kazi inayojulikana na mtoto anayejulikana. Nyasi zilizokuwa zimehesabiwa kama ardhi isiyozalisha zikawa zinasomesha.

Soko la viwanja lilikuwa na kipimo chake, nacho kikashinda vingine vyote, hasa baada ya viwanda vya eneo la mauzo ya nje kuanzishwa Athi River miaka ya 1990 na wafanyakazi kuhitaji makazi Kitengela. Kipimo hicho ni ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo wauzaji huiita sehemu moja ya nane ya ekari. Ekari moja ina futi za mraba 43,560, kwa hiyo sehemu ya nane kamili ingekuwa 5,445, ilhali ploti ina 5,000 tu, na kinachobaki huenda kwenye barabara za ndani. Mnunuzi hutajiwa bei ya ploti, mara nyingi ikiwa imevunjwa tena kuwa malipo ya awali na ya kila mwezi, na umbali hutajwa kwa dakika badala ya kilomita. Mfugaji kwa upande wake hutajiwa bei ya ekari nzima, na akiisikia huiona kubwa, kwa maana hakuna anayemzidishia bei ya ploti mara nane mbele ya macho yake kabla hajatia sahihi. Watu hao wawili wanazungumza juu ya udongo uleule, kila mmoja akiwa amepewa kizio kinachomfanya akubali haraka.

Kando ya barabara ya Namanga, kuelekea Isinya, mabango ya ploti zinazouzwa husimama karibu na mengine yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya geti au ukuta kwamba shamba hili haliuzwi, tahadhari dhidi ya matapeli wanaouza mali isiyo yao. Mwenye shamba la namna hiyo anaweza kuwa na ng'ombe ndani, na pengine kona ya ndama ambayo mama yake angeiita olopololi, lakini getini ameandika neno la soko, kwa sababu anajua kwamba apitaye njiani analisoma shamba hilo kwa bei.