Kugombana kwenye ofisi ya serikali: lini ni kosa, lini ni haki yako

Umeamka alfajiri Tabata Kimanga, umepanda daladala mbili, umefika ofisini saa moja na nusu na kushika namba yako kwenye foleni. Saa nane mchana unaambiwa mtandao uko chini, rudi kesho. Na jana uliambiwa hivyo hivyo. Unapaza sauti. Mlinzi anasogea na kukwambia, "Toka nje, la sivyo nakuweka ndani."

Wasikilizaji wetu wanatuuliza mara kwa mara: hapo nimefanya kosa gani? Na mlinzi ana mamlaka hayo? Hewani muda huwa hautoshi, kwa hiyo tumeliandika hapa kwa utaratibu. Namba za vifungu tunazotaja ni za toleo la sheria la mwaka 2022. Kwenye toleo lililofuata namba zinaweza kuwa tofauti, kwa hiyo shika zaidi jina la kosa.

Kulalamika ni kitu kimoja, kutukana ni kingine

Hakuna sheria ya Tanzania inayosema kulalamika ofisini ni kosa. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake. Kosa linaanzia kwenye namna unavyolalamika.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 89, inakataza kumtolea mtu matusi au lugha chafu kwa namna inayoweza kuvunja amani. Inakataza pia kufanya fujo kwa namna hiyo hiyo. Adhabu ni kifungo cha hadi miezi sita. Yaangalie maneno hayo vizuri: lazima kuwe na matusi au fujo, na iwe ni kwa namna inayoweza kuvunja amani. Kusema "hamjanihudumia tangu asubuhi, naomba kumuona mkubwa wako", hata kwa sauti ya juu, siyo tusi. Kumtukania mtu mama yake mbele ya foleni nzima ni jambo jingine kabisa.

Makosa mengine yanayowakuta watu kwenye ofisi za umma ni haya:

- Kupigana hadharani (kifungu cha 87). Mnaopigana kwa kugombea nafasi kwenye foleni, sheria inawahusu wote mnaoshiriki, siyo aliyeanza tu.
- Kuingia kwa jinai (kifungu cha 299). Ni kuingia mahali kwa nia ya kutenda kosa, kutisha, kutukana au kuudhi. Hata kama uliingia kihalali, ukibaki humo isivyo halali kwa nia hiyo, kosa linakuhusu.
- Kumshambulia au kumzuia polisi kazini (kifungu cha 243). Hapa kifungo kinafika miaka mitano. Kifungu hicho kinamlinda pia mtu aliyeshambuliwa kwa sababu ya kazi aliyopewa na sheria. Kumsukuma ofisa dirishani kunaweza kukuletea kesi kubwa kuliko shida iliyokupeleka.
- Mkusanyiko usio halali (kifungu cha 74). Unahitaji watu watatu au zaidi, wenye nia ya kutenda kosa au wanaofanya mambo yanayowatia watu hofu kwamba amani itavunjika.

Kama mtaa wenu una kero ya maji au barabara, wachagueni wawakilishi wachache wapeleke barua. Mkitaka kuandamana hadi ofisini, Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, inataka polisi wapewe taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla.

Mahakamani masharti yanabana zaidi. Kifungu cha 114 kinahusu kuidharau mahakama. Ukifanya hivyo mbele ya hakimu, anaweza kuagiza ushikiliwe na kukuadhibu siku hiyo hiyo. Zima simu kabla ya kuingia.

Mlinzi wa getini anaishia wapi?

Mlinzi wa kampuni binafsi siyo polisi. Anaweza kukuuliza unakwenda wapi, kukuandikisha kwenye daftari na kukutaka upite kwenye ukaguzi kama masharti ya kuingia. Kumkamata mtu anaruhusiwa kwa kiwango kile kile cha raia mwingine: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu raia kumkamata anayetenda mbele yake baadhi ya makosa, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hana mahabusu, hana faini ya kutoza, wala hana ruhusa ya kukupiga. Sheria hiyo hiyo inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha.

Zipo pia sehemu zenye ulinzi maalumu. Chini ya Sheria ya Maeneo Yanayolindwa, Sura ya 74, waziri anaweza kutangaza kwenye Gazeti la Serikali kwamba sehemu fulani haiingiliki bila kibali. Mtaani kwetu sehemu za namna hiyo tunazitambua kwa vibao vya kukataza kuingia na kupiga picha. Ukiona kibao cha picha, usitoe simu, hata ya kujipiga mwenyewe. Lakini ofisi ya serikali ya mtaa ipo kwa ajili ya kumhudumia mwananchi, na haigeuki kambi ya jeshi kwa sababu tu imewekewa geti.

"Mkuu wa wilaya amesema uwekwe ndani"

Mamlaka haya yapo, ila yana mipaka. Sheria ya Tawala za Mikoa, Sura ya 97, inamruhusu mkuu wa mkoa au wa wilaya kuagiza mtu ashikiliwe kwa muda usiozidi saa 48. Sharti ni awe na sababu ya kuamini kwamba mtu huyo atavunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Sababu ziandikwe. Muda ukiisha, mtu afikishwe kwa hakimu au aachiwe. Kiongozi anayeyatumia mamlaka haya vibaya, sheria yenyewe inasema anaweza kushtakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka. Kumjibu kiongozi kwenye mkutano, au kuuliza swali lisilompendeza, hakutoshi kuwa sababu.

Ukikamatwa, fanya hivi

Usikimbie na usipigane. Uliza kwa utulivu unakamatwa kwa kosa gani. Sheria inamtaka anayekukamata akwambie. Omba ndugu au wakili wako ajulishwe. Kwa makosa madogo kama ya kifungu cha 89, kama haiwezekani kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anapaswa kulishughulikia suala lako na kukupa dhamana. Dhamana hailipiwi "hela ya karatasi". Ukiombwa fedha, piga simu TAKUKURU namba 113, ni bure.

Na wewe uliyezungushwa tangu jana, andika vitu vitatu kabla hujapaza sauti: tarehe na saa, jina au namba ya dirisha, na jibu ulilopewa. Peleka hayo kwa mkuu wa ofisi au kwenye dawati la malalamiko, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukikosa jibu, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Ukiwa na karatasi yenye muhuri, ofisi itatakiwa kueleza kwa nini hukuhudumiwa. Ukiwa umetukana, atakayetakiwa kujieleza ni wewe.