Friji ya Mama na Sheria ya Gesi

Mwaka 1989 marehemu mama alinunua friji kuukuu mjini Tanga, nyeupe, yenye kutu miguuni, na mlango wake ulifungwa kwa kamba. Kwa friji hiyo alitusomesha. Kila jioni alijaza juisi ya ubuyu na ya ukwaju katika vifuko vya plastiki, akavifunga fundo, akavipanga, na kesho yake saa nne, wanafunzi wa shule ya jirani walipotoka mapumziko, barafu zilikuwa tayari.

Mwaka 2008 friji ikaacha kugandisha. Fundi alikuja, akapapasa mabomba, akasema gesi imevuja. Gesi yake ya zamani, ile ambayo mafundi waliiita "kumi na mbili", ilikuwa haipatikani tena kwa urahisi, na ikipatikana bei yake haishikiki. "Usinilaumu mimi, mama," alisema. "Ni serikali hizi. Wazungu wameikataza gesi yetu ili tununue friji zao mpya." Basi akatia gesi mpya iliyokuwa sokoni, 134. Barafu zikaganda, mama akashukuru. Baada ya miezi mitatu kompresa ilikwama, na biashara ya mama ikakwama nayo.

Maneno ya fundi yule niliyaamini kwa muda mrefu. Baadaye nilianza kusoma habari za gesi hizi, kidogo kidogo, kila nilipopata kitabu au gazeti lenye habari hizo. Leo naona kwamba alikuwa na haki nusu, na nusu yenyewe siyo ile aliyoidhani.

Yafaa tuanze kule ambako friji ilikuwa kitu cha kuogopwa. Katika miaka ya 1920 friji za nyumbani huko Marekani na Ulaya zilitumia amonia, dioksidi ya salfa au methili kloridi. Zote ni sumu. Mwaka 1929 watu kadhaa walikufa mjini Chicago kwa methili kloridi iliyovuja ndani ya nyumba zao usiku. Albert Einstein mwenyewe, pamoja na mwenzake Leo Szilard, walishughulika miaka hiyo kubuni friji isiyo na sehemu zinazozunguka, ili gesi isipate pa kuvujia. Kwa hiyo kampuni ya General Motors, iliyokuwa na friji za Frigidaire, ilimpa mhandisi wake Thomas Midgley kazi ya kutafuta gesi isiyoua wala kuwaka moto. Akaipata mwaka 1928. Mwaka 1930, mbele ya wanakemia wenzake, aliivuta gesi hiyo kifuani kisha akaipuliza juu ya mshumaa, na mshumaa ukazimika. Hakuanguka. Gesi hiyo ndiyo "kumi na mbili" ya fundi wetu, na jina lake la biashara lilikuwa Freon.

Bwana Midgley huyu ndiye pia aliyetia risasi katika petroli. Wapo wanaomwita adui wa dunia kwa hayo mawili. Kuhusu petroli sina la kumtetea. Kuhusu friji naona anaonewa, kwani alitoa jibu sahihi kwa swali aliloulizwa, nalo lilikuwa juu ya chumba kimoja chenye watoto waliolala. Hakuna aliyemwuliza gesi itakwenda wapi ikishatoka dirishani.

Swali hilo lilijibiwa mwaka 1974. Mario Molina na Sherwood Rowland, wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine, waliandika kwamba gesi za jamii hiyo, ziitwazo CFC, haziharibiki huku chini. Hupanda taratibu, na huko juu mionzi ya jua huzipasua na kuitoa klorini, ambayo hula tabaka la ozoni. Chembe moja ya klorini yaweza kuharibu maelfu na maelfu ya ozoni kabla haijatulia. Na ozoni ndiyo inayotukinga na mionzi ya urujuanimno, iletayo saratani ya ngozi na kuharibu macho na mimea. Yaani sifa ileile iliyoifanya gesi iwe salama jikoni, ya kutoungana na kitu chochote, ndiyo iliyoiwezesha kufika juu ikiwa nzima.

Hapo ndipo mjadala wa sheria ulipoanza. Wenye viwanda walisema hizo ni hesabu za karatasini, hakuna aliyeona ozoni ikipungua. Je, serikali ifunge viwanda na kupandisha bei ya friji kwa sababu ya dhana? Kampuni ya DuPont, mtengenezaji mkubwa kuliko wote, iliahidi hadharani kwamba ithibitishiwe madhara nayo itaacha. Mwaka 1978 Marekani ilipiga marufuku CFC katika makopo ya kupulizia manukato na mfano wake, ila friji haikuguswa. Kopo la manukato ni anasa, friji ni lazima. Hoja hiyo siipuuzi. Mimi nimelishwa na friji.

Miaka ikapita, serikali zikalala. Kilichoziamsha kilitoka mahali pasipo na friji hata moja ya kuuza barafu. Mwezi Mei 1985 Waingereza watatu, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walitangaza vipimo vya kituo chao cha Halley huko Antaktika: kila masika ya kule, ozoni ya juu ilikuwa imepungua karibu theluthi nzima. Hesabu zote za karatasini hazikuwa zimetabiri upungufu mkubwa namna hiyo.

Hata hivyo ubishi haukuisha. Mwaka 1987 magazeti ya Marekani yaliripoti kwamba waziri mmoja wa Rais Reagan, Donald Hodel, alipendelea watu wahimizwe kuvaa kofia na miwani ya jua badala ya kutungwa sheria. Mwenyewe alilalamika kwamba amenukuliwa vibaya, lakini katuni zilikwishachorwa. Mwaka huohuo, Septemba 16, mkataba ulitiwa saini Montreal chini ya usimamizi wa Mostafa Tolba, Mmisri aliyeongoza Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kutoka Nairobi. Kenya ilitia saini siku ileile. Na DuPont? Mwanzoni mwa Machi 1988 mkuu wake aliwajibu maseneta watatu kwamba ushahidi haujatosha kuacha kutengeneza. Kabla mwezi haujaisha wanasayansi walitoa ripoti mpya, na kampuni ikatangaza kuacha.

Watu husema DuPont iligeuka kwa sababu ilikuwa na gesi mpya ya kuuza. Hapa fundi wetu anapata haki yake nusu. Ni kweli kwamba wenye viwanda waliacha kuipinga sheria walipoanza kuuona mlango wa kutokea, na mlango huo ulikuwa 134. Lakini hilo halifanyi tundu la ozoni kuwa uongo. Mtu anaweza kupata faida kwa jambo la kweli.

Wala si kweli kwamba tulisahauliwa kabisa. Mataifa yetu yaliyotumia CFC kidogo yalipewa miaka kumi ya ziada, na huko London mwaka 1990, baada ya India na China kukataa kuingia mikono mitupu, ukaundwa mfuko wa nchi tajiri kulipia mabadiliko, pamoja na kuwafunza mafundi. Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Nchi tajiri ziliacha CFC mwaka 1996, na sisi tulitakiwa kumaliza mwaka 2010. Friji ya mama iliharibika miaka miwili kabla ya kikomo, sheria ilipokuwa imebana lakini elimu haijafika mtaani kwetu. Maana gesi ya 134 haipatani na mafuta ya kompresa ya zamani. Mafuta hayachanganyiki nayo, hubaki mabombani, na kompresa husagika ikiwa kavu. Fundi wetu hakujua. Alifanya alichoweza kwa mtungi aliokuwa nao.

Sasa sikiliza kisa cha Ujerumani, maana ndicho kinachoniuma zaidi. Mwaka 1992, kule Saksonia, kiwanda cha friji cha iliyokuwa Ujerumani Mashariki kilikuwa kinakaribia kufungwa. Watu wa Greenpeace wakakiletea wazo la madaktari wawili wa Dortmund: tumieni propani na butani, gesi zisizodhuru ozoni na ambazo hazimilikiwi na mtu. Viwanda vikubwa vikawatahadharisha wauzaji kwamba friji hiyo ni bomu jikoni. Gesi iliyomo haikuzidi ile ya viberiti vichache vya gesi. Wateja wakaagiza maelfu, mwaka 1993 friji za kwanza zikatoka, na baada ya muda mfupi wale waliotahadharisha wakaanza kutengeneza za kwao. Marekani ilisita mpaka mwisho wa mwaka 2011 ndipo ikaruhusu gesi ya namna hiyo katika friji za nyumbani, tena isizidi gramu 57. Mwaka 2018 ikaongeza hadi 150. Gramu 57! Mimi huku napikia mtungi wa kilo 6 wa gesi hiyohiyo, umbali wa hatua mbili kutoka friji.

Kumbe wakati 134 inaingizwa katika friji ya mama, ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba nayo ina kasoro. Ozoni haiigusi, lakini hushika joto la dunia zaidi ya mara 1,300 kuliko hewa ukaa kwa uzito uleule. Mjadala ukarudi upya, safari hii ukaishia kwetu, Kigali, Oktoba 15, 2016, baada ya usiku kucha wa mabishano. Nchi za Afrika zilitaka tarehe za karibu. India na nchi za Ghuba zilitaka za mbali, wakitaja joto lao na gharama. Mwishowe nchi nyingi zinazoendelea, za Afrika zikiwemo, zilikubali kusimamisha ongezeko mwaka 2024, na hao wengine mwaka 2028. Naona fahari kidogo kwamba safari hii hatukuwa watu wa kuombewa muda.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema mwaka 2023 kwamba tabaka la ozoni juu ya Antaktika litapona yapata mwaka 2066, mkataba ukiendelea kufuatwa. Sitakuwepo.

Friji ya mama ingali Tanga. Dada yangu huhifadhia unga ndani yake, panya wasiufikie. Kompresa tuliuza kwa wanunua vyuma chakavu. Lakini ndani ya kuta, katika sponji ile ya manjano, imo CFC nyingine iliyotumika kuiumua kiwandani, na itatoka siku watakapoivunja. Nimemwambia dada asiwape wanaopita na mikokoteni. Ameniuliza, basi aipeleke wapi, na mpaka sasa sijampata mtu wa kumkabidhi.