Kabla ya tatuu kulikuwa na chale: ngozi zilizochorwa Ujiji na ng'ambo ya ziwa

Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi yamekuwa yakirudia sharti moja linalomgusa kijana wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, sawa na wa Dar es Salaam: mwombaji asiwe na alama ya kuchorwa mwilini. Kila likitoka, ubishi unafufuka. Wakubwa wanasema tatuu ni uhuni wa kuiga wasanii, vijana wanajibu kwamba mwili ni mali yao. Wote wanakubaliana, bila kujua, katika kosa lile lile: kwamba mchoro kwenye ngozi ni mgeni Kigoma. Mwambao huu ulikuwa na mafundi wake wa chale na mitindo yao muda mrefu kabla reli haijafika mwaka 1914.

Shahidi wa kwanza wa maandishi ni Richard Burton, aliyefika Ujiji pamoja na John Speke Februari 1858. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 anaeleza kwamba Wajiji walikuwa na mistari, miduara na miale ya chale ndogo ndogo zilizoshuka mgongoni, tumboni na mikononi, na baadhi ya wakubwa wao walikuwa pia na makovu makubwa ya moto. Alidhani chale hizo zilikuwa kinga dhidi ya unyevu na baridi ya ziwa. Dhana hiyo haisimami. Unyevu haujali duara wala mstari, na kama shida ilikuwa baridi tu, mtu angejichanja ovyo. Palipo na mpangilio pana uchaguzi, na mkubwa anapokuwa na alama za ziada, alama hizo zinataja cheo. Atakayesema Burton si wa kuaminika kwa kuwa aliwadharau Wajiji ana hoja, maana kweli aliwaandika kwa maneno makali. Lakini mtu aliyewachukia kiasi hicho hakuwa na sababu ya kuwasingizia ufundi.

Ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika, kwenye milima ya Marungu, ushahidi ni mwingi zaidi, kwa sababu Watabwa walichonga sanamu zenye chale zile zile walizochanja miilini. Mtaalamu wa Kimarekani Allen Roberts, aliyeishi nao miaka ya 1970, ameandika sana kuhusu safu zao za pembetatu zinazoitwa balamwezi, yaani kuandama kwa mwezi mpya. Msichana hakuhesabiwa amekamilika uzuri wake mpaka achanjwe: ngozi inainuliwa, inakatwa kidogo, kisha inasuguliwa masizi ili kovu livimbe na kupendeza. Na hapa ndipo penye uchungu. Desemba 1884, watu wa Luteni Émile Storms, Mbelgiji aliyetoka Karema na kujenga kituo Mpala, walimvamia Lusinga, chifu wa Watabwa, wakamuua na kumkata kichwa. Storms alirudi kwao na fuvu lile, pamoja na sanamu ya mababu ya Lusinga. Sanamu imewekwa katika makumbusho ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels, na wageni wanaitazama kama kazi kubwa ya sanaa. Wabelgiji wenyewe waliona aibu, na Juni 2022 sanamu ya Storms mwenyewe iliondolewa kwenye bustani moja ya Brussels. Kwa hiyo Ulaya wanabishana juu ya watu wa ziwa hili na sanaa yao, wakati huku kwetu wajukuu wanaambiwa kuchora ngozi wamejifunza kwenye simu.

Baadaye zilikuja misheni, madrasa na shule, na chale za urembo zikapungua. Ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, uliufanya wembe wa kuchangia kuwa hatari kubwa, na katika hilo wauguzi walikuwa sahihi. Mashine ya umeme ya kuchorea, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1891, imetufikia na waridi, simba, msalaba na jina la mama.

Pingamizi zito ni la dini. Mambo ya Walawi 19:28 inakataza, na Hadithi za Mtume zinamlaani mwenye kuchanja na mwenye kuchanjwa. Mwislamu wa Ujiji au Mkristo wa Kibirizi anayeiacha ngozi yake kama ilivyo yuko ndani ya haki yake, na hakuna wa kumlaumu. Ila katazo la tendo halifuti kwamba lilitendeka, na babu aliyechanjwa hakuwa mhuni. Makumbusho ya Dkt. Livingstone pale Ujiji ni mahali panapofaa kutundika picha za chale hizi na maelezo yake kwa Kiswahili. Kijana aliyekwisha kuamua kujichora, akiwa na sindano mpya na wino safi, angekuwa walau na balamwezi ya kulinganisha na waridi.