Daftari la Kila Siku

Leo tutazungumza juu ya kuandika kila siku: kuandika mawazo kama yanavyokuja, bila kufuta na bila kuogopa makosa. Mfano wetu hauko mbali. Uko Ujiji, katika mkoa wetu huu.

Daktari David Livingstone, mtu wa Scotland, alifika Ujiji mara ya kwanza mwezi wa Machi 1869. Alikuwa na vijitabu vidogo vya safarini. Humo aliandika mvua, njia, sala, maradhi na hasira zake, vyote pamoja kama maharagwe na mahindi katika chungu kimoja. Baadaye, akipata nafasi, alinakili kwa mwandiko safi katika kitabu kikubwa.

Alipokuwa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, karatasi zilimwishia. Je, aliacha kuandika? La. Alichukua gazeti kuukuu la London, akaandika juu ya maandishi ya chapa, akikingamisha mistari, kwa wino wa mbegu za mmea wa huko. Hivyo ndivyo alivyoandika habari za tarehe 15 Julai 1871, siku alipoona watu wa wafanya biashara wakipiga bunduki sokoni Nyangwe. Waliouawa walikuwa wengi, na wengi wao wanawake.

Wino ule ulififia hata haukusomeka. Mwaka 2011 wataalamu waliufufua kwa kamera na taa za rangi mbalimbali. Wakaona kwamba karatasi za siku zile na nakala safi hazilingani: habari za mwenendo mbaya wa watu wake mwenyewe zilikuwa zimepunguzwa. Hapa tusimame kidogo. Mtu ni yule yule, mkono ni ule ule. Lakini yule aliyeandika kwa haraka alisema zaidi. Nami, kama ningeambiwa nichague moja, ningechukua lile gazeti chafu.

Wala kazi hii haikuwa ya Wazungu peke yao. Livingstone alipofariki mwaka 1873, kijana wa Kiyao aitwaye Jacob Wainwright, aliyesoma shule ya Nasik huko Bara Hindi, aliandika daftari lake mwenyewe. Aliandika habari za safari ya kuuchukua mwili hadi pwani, zaidi ya kilomita 1,600 kwa miguu. Daftari hilo bado lipo.

Basi, fungueni madaftari. Andika kwa muda wa robo saa, kalamu isisimame. Neno la Kiswahili likikukimbia, tia la Kiha uendelee. Andika habari za shamba, za mtoto mgonjwa, za jirani aliyekuudhi. Ukikosa daftari, karatasi ya kufungia sukari itatosha. Usimwonyeshe mtu, hata mwalimu. Usilisome mpaka juma lijalo, na ukurasa wa kwanza usiuchane.