Kuchangia Seva kwa Majaribio ya Programu Huria: Nani Anatoa, Nani Anafaidi

Kila nikigusia habari za programu huria lazima atokee mtu aniulize: "Mimi sijui kuandika programu na mshiko sina, sasa nitachangia nini?" Leo najibu kwa urefu kidogo, maana kuna mchango ambao wengi wetu hatuufikirii kabisa: muda wa mashine.

Kwanza tuelewane hayo majaribio ni kitu gani. Programu huria kubwa inaandikwa na watu waliotawanyika dunia nzima. Mmoja akileta mabadiliko, hata ya mstari mmoja, kuna seva inachukua msimbo mpya, inaijenga programu upya, halafu inaipitisha kwenye mamia au maelfu ya majaribio bila mtu kugusa kitufe. Ikifaulu, kijani. Ikifeli, nyekundu, na wenyewe wanajua wapi pa kurekebisha. Firefox na VLC unazozitumia hapo kafe zote zinapitia njia hiyo kabla hazijakufikia.

Sasa bwana, seva hizo zinakula umeme na pesa, na miradi mingi huria haina mapato. Hapo ndipo makampuni ya seva za wingu yanapoingia. Wengine wanatoa mashine nzima, wengine wanatoa salio la kutumia kwenye seva zao, kama vile mtu anavyokutumia vocha ya simu. Ni msaada mkubwa, lakini wahenga walishasema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mfano hai ni freedesktop.org, nyumbani kwa Mesa na Wayland, vitu vinavyochora picha kwenye kioo cha kompyuta nyingi za Linux. Mwezi Februari 2020 bodi ya X.Org Foundation, inayolipia seva zao, ilitangaza kwamba gharama za Google Cloud zinaelekea dola 75,000 kwa mwaka na kwamba hawataziweza. Sehemu kubwa ya gharama haikuwa hata majaribio yenyewe, ilikuwa data inayotoka kwenye wingu kwenda kwenye mashine za majaribio. Baadaye walihamia kwenye seva za msaada za Equinix Metal. Mwanzoni mwa 2025 wakaambiwa huduma hiyo inafungwa, wawe wametoka ifikapo mwisho wa Aprili. Mradi wa Alpine Linux nao ulikumbwa na hilo hilo. Freedesktop ikahamia Hetzner ya Ujerumani, safari hii kwa kulipa. Hakuna aliyefanya ubaya hapo. Mtoaji kafunga duka, basi.

Kingine kinachoua misaada hii ni wajanja. Travis CI, huduma iliyoanza 2011 na kupendwa sana kwa kupima programu huria bure, ilibana ofa yake Novemba 2020, na moja ya sababu ilizotoa ni watu kuitumia vibaya. Wajanja walikuwa wanafungua akaunti za uongo ili wachimbe sarafu za mtandaoni kwa mashine za bure. Mwezi Mei 2021 GitLab nao wakaanza kuwadai watumiaji wapya wa bure kadi ya benki kabla ya kupata dakika za majaribio. Hapo ndugu zangu inatugusa sisi moja kwa moja: kijana asiye na kadi anafungiwa mlango kwa kosa la mwizi asiyemjua.

Je, mtu mdogo ana nafasi? Anayo. Angalia PostgreSQL, hifadhidata huria maarufu sana. Tangu 2004 wana kitu kinaitwa Buildfarm, yaani shamba la mashine za watu wanaojitolea. Unajiandikisha, mashine yako inapewa jina la mnyama, unaweka programu ndogo ya Perl, na kila baada ya muda inavuta msimbo mpya, inaupima na kutuma majibu kwenye ukurasa ambao kila mtu anauona. Hawatafuti mashine zenye nguvu tu. Mashine ya zamani au yenye mfumo usio wa kawaida ina thamani, maana inanasa makosa ambayo seva mpya za kwenye wingu haziyaoni. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Ukitaka kutoa, iwe kompyuta yako au seva ya wingu unayoikodi, zingatia haya:

1. Tenga mashine. Usichanganye na barua zako, picha wala nywila zako. Na usithubutu kuweka kitu kwenye kompyuta ya kafe bila ruhusa ya mwenyewe.

2. Uliza nani anapitisha msimbo. PostgreSQL ni watu wachache wanaojulikana. Lakini kwenye ghala la wazi la GitHub mtu yeyote anaweza kuleta msimbo wake, na GitHub wenyewe wanaonya usiunganishe mashine yako huko, maana mgeni anaweza kuendesha anachotaka ndani yake.

3. Piga hesabu ya data. Kwenye seva nyingi za wingu unalipia data inayotoka. Yaliyowakuta freedesktop yanaweza kukukuta hata wewe.

4. Sema mapema utatoa kwa muda gani, na ukiacha, toa taarifa. Mashine ndogo inayodumu miaka 2 inasaidia kuliko kubwa inayozimwa ghafla.

Msimamo wangu ni huu: makampuni yaendelee kutoa, tunashukuru, lakini mradi unaoning'inia kwenye mkono mmoja siku moja utaanguka. Wakiwa watoaji wadogo wengi, mmoja akichoka majaribio yanaendelea.

Wewe una kompyuta imelala kabatini? Tuambie ni ya aina gani, tuone inaweza kufaa wapi.